Bwana Shamba Anajibu: Miche Inayokufa Mwaka wa Kwanza

Barua tano za safari hii, ingawa zimetoka Tandahimba, Newala, Mikindani, Nachingwea na Liwale, huku kusini mwa Tanzania, zinauliza jambo linalokaribiana: kwa nini mche ulioota vizuri unadumaa au kufa kabla haujatimiza mwaka? Nimezijibu pamoja kwa sababu wasomaji wameeleza zaidi yale yanayoonekana juu ya ardhi, na ni mmoja tu aliyetazama mizizi bila kulazimishwa na msiba.

Bwana Shamba, shikamoo. Januari mwaka jana nilinunua miche 60 ya mikorosho iliyobebeshwa kwa muuza miche wa kando ya barabara. Ilikuwa mirefu, majani yake yanang'aa, na wakati wa mvua ilikaa vizuri. Ilipofika Agosti zaidi ya nusu ilikuwa imekauka, na mmoja nilipouvuta ulitoka mzima kwa mkono mmoja, mizizi imejizungusha kama kata ya kubebea ndoo. Jirani yangu alitia mbegu moja kwa moja shimoni. Mikorosho yake ni mifupi lakini yote ni hai. Shamba langu ni kichanga chekundu. Je, udongo wangu una kasoro? — Msomaji, Tandahimba

Marahaba, mwanangu, na pole kwa hasara hiyo. Udongo wako wa kichanga hauna kosa kubwa, kwa maana huo huo ndio uliobeba mikorosho ya Uwanda wa Makonde kwa miaka mingi. Kosa liko kwenye ule udongo mwingine, kiasi cha vibaba vichache, uliokuwa ndani ya kiriba, yaani mfuko wa nailoni wa kuoteshea mche.

Mbegu ya korosho huota baada ya wiki mbili au tatu hivi, na kabla majani ya kwanza hayajakunjuka sawasawa, mzizi mkuu umekwisha kuanza safari ya kwenda chini. Mkorosho ni mti wa mzizi mrefu kwa asili yake. Ukiuweka ndani ya kiriba chenye kina cha sentimita 20, mzizi huo hufika chini upesi, hukuta nailoni, na kwa kuwa hauwezi kusimama hugeuka na kuzunguka. Kadiri mche unavyokaa kitaluni ndivyo mzunguko unavyoongezeka, huku juu majani yakizidi kupendeza kwa sababu unamwagiliwa kila siku na udongo wake umejaa samadi. Mnunuzi huvutiwa na urefu, lakini mche mrefu kuliko wenzake mara nyingi ni mche uliopitiliza umri wake kitaluni.

Sasa uhamishie mche huo kwenye kichanga. Chembe za mchanga ni kubwa na nafasi kati yake ni pana, kwa hiyo maji ya mvua hupita upesi kwenda chini, na tabaka la juu hukauka siku chache tu baada ya mvua kukatika. Huku kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei, na katikati yake, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, mara nyingi kuna wiki moja au mbili za jua tupu. Kisha inakuja miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, ambayo unyevu wote uliobaki uko chini. Kwa hiyo tangu siku ya kupandwa mche uko kwenye mashindano: unyevu unashuka, na mzizi unapaswa kuufuata bila kuachwa nyuma. Mzizi wa jirani yako ulianza kushuka siku mbegu ilipopasuka na haukupata kizuizi chochote, kwa sababu kichanga ni laini kupenyeka. Mzizi wako ulikuwa umekwisha kujifunga fundo. Mzizi uliojikunja namna ile haujinyooshi wenyewe baada ya kutolewa kwenye kiriba. Huendelea kunenepa palepale ulipokunjika, na maji ya chini huyasikia tu.

Kuna jambo la pili ambalo wauza miche wengi hawalijui, nalo ni tofauti ya udongo wa kiriba na udongo wa shimo. Udongo wa kiriba ukiwa na mfinyanzi mwingi na samadi, huku shimo likiwa na mchanga mtupu, mizizi hukaa ndani ya donge lake kama mtu aliyezoea chumba kimoja. Donge lenyewe likikauka hukakamaa, na maji unayomwagilia hupita pembeni yake kwenda mchangani. Mwezi Agosti niliwahi kupasua kwa kisu donge la mche uliokufa: nje palikuwa na unyevu wa maji ya asubuhi ile, ndani palikuwa pakavu kama unga.

Msimu ujao, kama una mbegu nzuri, fanya kama jirani yako. Tia korosho kwenye maji, chukua zilizozama, chimba shimo la sentimita 60 kila upande, rudisha udongo wa juu uliochanganywa na mboji iliyoiva, kisha panda mbegu tatu kwa nafasi na baadaye ubakize mche mmoja ulio bora. Kati ya shimo na shimo acha mita 12. Ukitaka aina maalumu ya kikonyo, yaani kijitawi cha mti bora kinachobebeshwa juu ya mche mwingine, itakubidi utumie miche iliyobebeshwa, na hapo ninakuomba sana uwe na ujasiri wa kumwambia muuzaji akupasulie kiriba kimoja mbele yako. Mzizi mkuu uwe umenyooka, mizizi midogo iwe myeupe kwenye ncha, na chini kusiwe na kata. Akikataa, nenda kwa mwingine. Siku ya kupanda toa nailoni yote, kata kwa wembe kiasi cha kidole kimoja cha sehemu ya chini iliyojikunja, na upande mapema mvua zinapokolea mwezi Desemba, usingoje Januari. Funika udongo kwa nyasi kavu kuzunguka mche, lakini acha upana wa kiganja bila nyasi karibu na shina ili mchwa wasipate daraja. Mchanga ulio wazi saa saba mchana unaweza kupita nyuzi 50 za joto, na shina changa huungua pale linapogusana na ardhi.

Bwana Shamba, mimi ni mama ninayeotesha miche ya miembe, michungwa na mipapai kwa ajili ya kuuza hapa Newala. Mwaka huu niliacha kuchota udongo bondeni, nikachota chini ya mikorosho yetu ya zamani kwa sababu ni mweusi na una majani yaliyooza. Miche imeota, kisha imesimama. Mipapai ndiyo imeharibika zaidi. Nimeng'oa michache nikaona mizizi mifupi, minene, rangi ya kahawia. Nimeongeza mbolea ya dukani bila mafanikio. — Msomaji, Newala

Mama, umefanya jambo jema kutazama mizizi, na maelezo yako ya mizizi mifupi minene yamenisaidia kuliko picha ya majani ambayo wengi huniletea.

Nakuuliza swali moja: mikorosho hiyo imekuwa ikipulizwa salfa ya unga kwa miaka mingapi? Kusini tumekuwa tukipambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, kwa salfa tangu miaka ya 1980, na bila salfa mavuno mengi yangepotea. Sisemi mtu aache kupuliza. Lakini salfa isiyobaki kwenye maua na majani huanguka chini, na ardhini wapo bakteria wanaoigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Mfinyanzi unaweza kustahimili uchachu huo kwa muda mrefu. Kichanga hakiwezi, kwa sababu hakina chembe za kutosha za kuushika na kuupoza, na kalisi na magnesi iliyokuwamo husombwa na mvua. Mwaka hadi mwaka udongo wa chini ya mkorosho huzidi kuwa mchachu, ingawa kwa macho unazidi kuwa mweusi na wa kuvutia kwa ajili ya majani yaliyooza.

Uchachu unapozidi, yaani pH, kipimo cha uchachu, inaposhuka chini ya 5 na kuendelea kushuka, alumini iliyokuwa imetulia ndani ya udongo huyeyuka na kuingia kwenye maji ya udongo. Alumini hiyo ni sumu kwa ncha ya mzizi. Ncha huacha kurefuka, mzizi hunenepa, matawi yake hubaki vijiti vifupi, na ndiyo picha uliyoieleza. Wakati huohuo fosforasi hushikwa na alumini na chuma isipatikane kwa mche, na fosforasi ndiyo mche mchanga unayoihitaji kwa kujenga mizizi. Mbolea uliyoongeza haikusaidia kwa kuwa mdomo wa kulia chakula umeumia, na kama ilikuwa mbolea ya naitrojeni yenye amonia, imeongeza uchachu uleule.

Mkorosho wenyewe huvumilia uchachu, ndiyo maana mikorosho yenu haijalalamika. Mpapai hauvumilii.

Kabla hujamwaga udongo wote, upime kwa njia ambayo haina gharama. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini, moja utie udongo wa chini ya mkorosho, jingine udongo wa bondeni uliouzoea, panda punje tano za kunde katika kila moja, mwagilia maji yaleyale, na siku ya kumi ng'oa yote uoshe mizizi taratibu kwenye beseni. Ikiwa mizizi ya kopo la kwanza ni mifupi na minene na ya kopo la pili ni mirefu yenye manyoya, umekwisha kupata jibu. Ukitaka kujua pH yenyewe kwa tarakimu, kaulizie upimaji wa udongo TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilicho jirani na Mtwara mjini.

Miche uliyonayo ihamishie kwenye mchanganyiko mpya. Kwa kitalu cha huko kwenu ningechukua sehemu tatu za udongo wa juu wa mahali pasipopulizwa salfa, sehemu mbili za samadi iliyokaa miezi mitatu au zaidi hadi ikapoteza harufu na joto, na sehemu moja ya mchanga. Udongo wa kichuguu kilichohamwa na mchwa pia ni mzuri kwenye nchi ya kichanga kama Newala, kwa kuwa una mfinyanzi na mara nyingi kalisi zaidi. Pondaponda na uchekeche, lakini usizidishe robo ya mchanganyiko. Ukilazimika kutumia ule wa chini ya mkorosho, changanya kiganja kimoja cha majivu ya kuni katika kila ndoo ya lita 20, unyeshee, na uache wiki tatu kabla ya kupanda. Kiganja kimoja, mama, usiongeze. Kichanga hugeuka upesi kwenda upande wa pili, na hapo majani machanga yatakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani kwa kukosa chuma.

Miche yangu ya miembe na mikungu inaungua kingo za majani. Naimwagilia maji ya kisima cha nyumbani, na katika viriba nimetia makumbi ya nazi ili kushika unyevu. — Msomaji, Mikindani

Onja maji ya kisima hicho. Ukihisi chumvi ulimini, hata kidogo, jibu ni hilo: visima vingi vya ufukweni huchanganyika na maji ya bahari, hasa kiangazi maji yanapopungua. Mche hunywa maji na kuiacha chumvi ndani ya kiriba, kesho unaongeza nyingine, na baada ya wiki sita udongo una chumvi kuliko kisima chenyewe. Hapo maji yapo lakini mzizi hauwezi kuyavuta, na majani huanza kukauka kwenye ncha na kingo. Utaona pia utando mweupe juu ya udongo asubuhi. Makumbi nayo, kama yalilowekwa baharini ili kusokotwa kamba, yamekuja na chumvi yake. Yaoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu au nne, au yaache yanyeshewe msimu mzima.

Kinga maji ya mvua ya bati kwa ajili ya kitalu. Ukibakiwa na maji ya kisima tu, mwagilia mara chache lakini kwa wingi hadi maji yatoke kwa chini na kuondoka na chumvi, badala ya kunyunyiza kidogokidogo kila jioni. Viriba viwe na matundu ya kutosha. Mkungu ni mti wa ufukweni na utakustahimilia kuliko mwembe, kwa hiyo maji machache mazuri uliyonayo wape miembe kwanza.

Mimi ni mwalimu wa mazingira katika shule moja ya msingi. Kila mwaka watoto wanapanda miti uwanjani, na kila mwaka inakufa, ingawa kila mtoto ana mche wake na anaumwagilia. Wazee wanasema uwanja una laana. — Mwalimu, Nachingwea

Mwalimu, barua yako imenigusa, kwa sababu mtoto ambaye mche wake umekufa mara tatu hujifunza kwamba kupanda miti ni kazi ya bure.

Uwanja unaokanyagwa na mamia ya miguu kila siku na kufagiliwa kila asubuhi hupoteza vitu viwili. Kwanza, majani ambayo yangeoza na kuulisha udongo huondoka na fagio. Pili, nafasi kati ya chembe za udongo, ambazo ndizo njia za hewa, maji na mizizi, hubanwa hadi zikafunga. Mzizi huhitaji hewa kama sisi. Ukikosa oksijeni hauna nguvu hata ya kunywa maji yaliyouzunguka. Chukua spoku ya baiskeli, siku moja baada ya mvua, uisukume ardhini kwa mkono. Chini ya mti uliojiotea pembezoni mwa shule itazama hadi kiganjani. Uwanjani ninatarajia itakwama baada ya vidole viwili au vitatu, na mzizi wa mche nao utakwama papo hapo.

Shimo dogo la jembe halitibu jambo hili, linalifanya liwe baya zaidi. Udongo wenye mfinyanzi ukichimbwa ukiwa umelowa, jembe hulainisha kuta za shimo zikang'aa kama chungu kabla ya kuchomwa. Mtoto akimwagilia, maji hayana pa kwenda, shimo linakuwa kisima kidogo, na mizizi inaoza huku mwenye mche akiongeza maji kwa upendo. Fukua mmoja uliokufa unuse: harufu ya tope la mtaro ni dalili ya mizizi iliyokosa hewa.

Mwaka huu pandeni miti michache. Badala ya mashimo mia, chimbeni kumi, wakati udongo una unyevu kidogo lakini haushikamani na jembe, upana wa mita moja na kina cha sentimita 60; kwaruzeni kuta kwa sururu zisibaki laini, vunjeni sakafu ya shimo, na mrudishe udongo uliochanganywa na mboji na majani yaleyale yanayofagiliwa. Zungushieni kila mche miti na miiba ili ardhi hiyo isikanyagwe tena, kwa maana shimo zuri likikanyagwa mwaka mmoja hurudi lilikotoka. Gaweni watoto kumi kwa kila mche, na mtoto atie kidole udongoni kabla ya kumwagilia: kidole kikitoka na unyevu, siku hiyo asimwagilie.

Shikamoo mzee. Tuna msitu wa kijiji na tumeotesha mininga ili kurudishia iliyovunwa. Kitaluni ilidumaa licha ya udongo mzuri tulioununua mjini, na iliyobaki tulipoipanda imekauka juu yote Julai hii. Tumeshauriana tuing'oe. — Msomaji, Liwale

Marahaba. Msiing'oe.

Mninga ni mti wa miombo, na tabia yake ya utotoni inawashangaza wengi waliozoea mikorosho na mitiki. Kiangazi sehemu ya juu ya mche hukauka ikafa, wakati mzizi ulioko chini unaendelea kuishi na kunenepa. Mvua zikirudi huchipua upya, na huweza kurudia hivyo kwa miaka kadhaa hadi mzizi upate akiba ya kutosha kupeleka shina linaloweza kuvuka kiangazi na moto. Kwaruza kwa ukucha gome la chini kabisa, pale shina linapoingia ardhini: ukiona kijani au weupe wenye unyevu, mche uko hai.

Kuhusu kudumaa kitaluni, udongo wa mjini huenda ulikuwa na rutuba yote isipokuwa wenyeji wake. Mninga ni jamii ya kunde. Kwenye mizizi yake hujengwa vinundu vya bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani, na pia hushirikiana na fangasi wembamba wa maikoriza ambao huenea mbali kuliko mizizi yenyewe na kuuletea mche fosforasi. Viumbe hao mara nyingi hawapo kwenye udongo uliochotwa kiwanjani au uliochomwa moto. Safari nyingine nendeni chini ya mninga mkubwa ulio hai na wenye afya, parueni majani ya juu, chukueni udongo wa kina cha kiganja pamoja na vizizi vyake vyembamba, na mchanganye sehemu moja kwa kumi ya udongo wa viriba. Samadi iwe kidogo sana, kwa sababu mche unaolishwa naitrojeni nyingi hauoni haja ya kutengeneza vinundu. Baada ya miezi miwili ng'oeni mmoja na muoshe mizizi. Kinundu kilicho hai mkikipasua kwa kucha huwa chekundu au rangi ya waridi ndani.

Kwa miche iliyoko shambani, kazi yenu sasa ni kufyeka na kuondoa nyasi kavu kuizunguka upana wa mita moja kabla ya moto wa Septemba, kuweka kijiti penye kila mmoja ili asije mtu akalima juu yake, na kuisubiri hadi mvua za Desemba zitakaponyesha wiki mbili mfululizo ndipo muihesabu.